Mbuzi wa Namba Wani

Mzee Lopeyok Achuka wa mtaa wa Kiwanjani, mjini Isiolo, alifanya mtihani wa darasa la saba mara moja tu, mwaka wa sabini na saba, lakini majirani zake wameufanya pamoja naye kila mwaka tangu hapo. Msimu wa matokeo ukifika, huvaa koti lake la kijivu, akatembea hadi hoteli ya Mama Tache, akaagiza chai na mandazi, na kabla chai haijapoa wateja wote wamesharudishwa darasani. Wanaomjua humeza chai ikiwa bado moto na kukumbuka kwamba wana mgonjwa nyumbani. Wageni hubaki wakaelimika.

“Nyinyi mnaita hiyo mtihani?” huanza. “CPE ndio ilikuwa mtihani. Karatasi tatu. Kizungu, hesabu na jenero pepa. Ukianguka, umeanguka. Hakuna mtu anakubembeleza eti unakaribia matarajio.”

Kisha hufuata vituko vyenyewe, kwa mpangilio usiobadilika. Jinsi karatasi zilivyoletwa na askari mwenye bunduki, utadhani darasa la saba lilikuwa na mpango wa kupindua serikali. Jinsi msimamizi alivyotoka Meru na viatu vinavyolia, akazunguka kati ya madawati mpaka watu wakasahau saba mara nane ni ngapi. Jinsi mama yake alivyombariki asubuhi ile kwa kumpulizia maziwa usoni, yakamwingia machoni, akafanya hesabu akiona kila swali mara mbili. Na jinsi jenero pepa, ile karatasi ya maarifa ya jumla, ilivyowauliza watoto wa Isiolo, ambao maji mengi kabisa waliyowahi kuyaona yalikuwa ya Ewaso Nyiro, kwa nini meli ya chuma haizami. Lopeyok alichagua jibu la C, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba Wazungu wanapenda sana C.

Mwisho wa hadithi huusema akiwa amesimama, kidole juu. “Na nikawa namba wani!”

Hapo Mama Tache, mwenye hoteli, hupata kazi ya ghafla jikoni.

Tusimwonee mzee. Baada ya ushindi huo alisoma sekondari, akawa karani katika ofisi ya maji, na kwa miaka mingi akawaeleza watu kwa heshima kubwa kwamba maji hayapo. Alipostaafu, wenzake walimpa saa ya ukutani ambayo mpaka leo inaamini ni saa nne kasorobo. Katika maisha yote hayo, tangu siku ya matokeo yale, hakuna mtu mwingine aliyewahi kusimama mbele ya watu akasoma jina lake kwa sauti. Kwa hiyo ule mtihani aliutunza, akaupangusa vumbi, na kila mwaka akauongezea kidogo.

Mtu aliyepata hasara kamili ya utunzaji huo alikuwa Natabo, mjukuu wake. Natabo alilelewa na Lopeyok na mkewe Nakolong tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na alipoanza shule babu yake alimwekea ahadi ile ile ambayo yeye aliwekewa na baba yake: akiwa namba wani katika mtihani mkubwa, atachinjiwa mbuzi, majirani wataitwa, na babu mwenyewe atasimama na kusema. Mbuzi alinunuliwa akiwa bado ananyonya. Natabo alimwita Matokeo, akamlisha maganda ya viazi, na akasoma. Alisoma hata siku ambazo maji yalikuwa hayapo na yeye ndiye aliyetumwa kuyatafuta.

Desemba matokeo ya darasa la tisa yakaingia kwenye simu. Natabo alikuja mbio uani, simu mkononi.

“Babu! Nimezidi matarajio! Karibu masomo yote!”

“Vizuri. Namba ngapi?”

“Hakuna namba, Babu.”

“Hapo shuleni kwenu, namba ngapi?”

“Siku hizi hawapangi. Kila mtu anapimwa vile yeye mwenyewe amefanya.”

“Sasa mtu anajuaje amemshinda nani?”

Mzee alivaa koti akaenda kumwona mwalimu mkuu, mama mpole ambaye alimweleza kwa subira kwamba mtoto hashindani na mwenzake, bali anakuza vipaji vyake. Lopeyok alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akarudi nyumbani akatangaza kwamba nchi imeharibika. Namba wani hakupatikana, kwa hiyo mbuzi hachinjwi. Mfumo mpya wa elimu umelaumiwa na wengi, lakini Matokeo, aliyekuwa amefungwa nyuma ya choo, hakuwa na malalamiko yoyote.

Natabo hakulilia nyama. Alikuwa amepata nafasi katika shule nzuri ya wasichana, mbali na nyumbani, na alitaka aondoke akiwa amemsikia babu yake akisema mara moja, mbele ya watu, kwamba amefanya vizuri. Siku zikaenda. Mzee akazidi kusifu mtihani wa sabini na saba.

Jumamosi, siku mbili kabla ya kuondoka, Natabo alitumwa na nyanya yake kununua mandazi hotelini. Alimkuta babu yake, katika hadithi yake, amefika pale kwa msimamizi wa viatu vinavyolia. Akasubiri kwa adabu. Maziwa yakaingia machoni, meli ikakataa kuzama, kidole kikapanda juu, na namba wani akatangazwa kama kawaida.

“Babu,” Natabo akasema, watu wote wakisikia, “Jumatatu naenda. Na ile mbuzi?”

“Mbuzi ni ya namba wani,” mzee akajibu bila kumtazama. “Mimi nilikula yangu kwa haki. Wewe ukiniletea namba, tutaongea.”

Natabo aliinamisha kichwa. Kulikuwa na kishindo kidogo: Mama Tache ameweka birika mezani.

“Lopeyok.”

Hakusema Mzee, wala Baba wa fulani. Wateja walisimamisha vikombe hewani, maana mama huyo hakuwa mtu wa kupayuka.

“Nini, Mama Tache?”

“Malizia hiyo hadithi yako. Namba wani wa nini?”

Mzee alicheka kidogo, akatafuta sukari ambayo ilikuwa mbele yake.

“Si ni wa mtihani.”

“Namba wani wa nini, Lopeyok?”

“Wa wavulana,” akasema, kwa sauti ambayo hakuna mtu pale aliyewahi kuisikia ikitoka kwake.

Ukweli ni huo. Siku ya matokeo ya sabini na saba, mwalimu mkuu wa wakati ule aliwapanga wanafunzi mbele ya bendera akasoma majina kuanzia juu, na jina la juu kabisa lilikuwa Sabdio Gababo, msichana wa Kiborana mwenye miguu myembamba, ambaye leo ana hoteli Kiwanjani na anaitwa Mama Tache. La pili lilikuwa Lopeyok Achuka. Nyumbani, baba yake alipouliza namba ngapi, Lopeyok alijibu namba moja ya wavulana. Mzee Achuka, ambaye alijua kuhesabu mbuzi wake bila kukosea na hakuwahi kuwahesabu wasichana, alisikia alichotaka, akachukua mkuki akamwendea mbuzi. Maneno “ya wavulana” yalidumu miaka kadhaa. Yalidondoka karibu na wakati Lopeyok alipopata kazi ofisi ya maji, na hakuna aliyeinama kuyaokota.

“Siku hiyo nilikuja kwenu,” Sabdio akasema. Hakuwa akipiga kelele, na hilo ndilo lilimtisha Lopeyok. “Unakumbuka? Nilisikia kuna sherehe ya mtihani. Nikasema, si hata mimi nilifanya? Baba yako alikuwa ameua mbuzi na mkuki. Mimi Muislamu, singeweza kugusa. Mama yako akanipa chai ya rangi, maana maziwa yote ilikuwa ya namba wani. Nikakunywa, nikarudi nyumbani. Kwetu hakuna mtu alichinja. Barua ya shule ya sekondari ilikuja, baba akasema asante, halafu nikapelekwa Biliqo kuolewa.”

“Mama Tache...”

“Bado. Tangu mume wangu afariki nirudi hapa, nakuuzia chai, na wewe unanihadithia mtihani yangu. Mimi sijasema kitu. Nilisema wacha mzee afurahi. Lakini huyu msichana usimfanyie hivyo. Huyu hapana.”

Akachukua birika, akamfungia Natabo mandazi, akaongeza mengine juu bila kuulizwa. Lopeyok aliondoka akaiacha chai yake mezani, na hilo nalo lilikuwa geni.

Alitembea hadi karibu na uwanja wa ndege akarudi. Alikuwa na hasira kwanza, kwa sababu hasira ndiyo iliyokuwa karibu. Ikaisha, akabaki na aibu. Alikumbuka jambo ambalo katika miaka yote ya kuhadithia hakuwahi kulitia ndani: asubuhi ya mtihani alikuwa amepoteza penseli, na Sabdio, bila kusema neno, aliivunja yake kwa meno akampa nusu. Ile meli haikuzama kwa nusu penseli ya Sabdio. Alijua hivyo siku zote. Alijua kila alipomwona akikimbilia jikoni, na bado aliagiza mandazi.

Jumapili, watu wa kanisa walipokuwa wakirudi nyumbani, walimwona Abdighani mchinjaji akiingia kwa Mzee Lopeyok na kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa. Kiwanjani jambo hilo halihitaji tangazo. Mturkana akichinja mwenyewe, anakula na watu wake. Nyumba ya Kikristo ikimwita Abdighani, kuna mgeni Muislamu anayesubiriwa, na si mgeni wa kupitia tu. Watu walianza kuulizana ni nani, na wale waliokuwa hotelini Jumamosi wakajibu kwa furaha isiyo na kiasi.

Natabo alimlilia Matokeo kidogo. Halafu harufu ya figo zikichomwa ikamfikia, akapangusa macho akaenda kusaidia.

Sabdio alikuja mchana, baada ya kuitwa mara mbili. Alisimama mlangoni pa ua na shuka lake jipya, akatazama sufuria.

“Nani amechinja?”

“Abdighani,” Nakolong akamjibu. “Kwa bismillahi, mimi nimesikia. Karibu, dada yangu.”

Aliketishwa kwenye kiti cha mzee, kile chenye mto. Majirani walikuwa wamejaa, wengine wakiwa wamekaa juu ya mitungi mitupu. Lopeyok akasimama katika koti lake la kijivu. Kwa mazoea kidole kilianza kupanda, akakiona, akakishusha.

“Mwaka wa sabini na saba,” akasema, “nilikuwa namba mbili.”

Mtu mmoja alikohoa. Mzee alisubiri kana kwamba kuna adhabu itakayoanguka kutoka mbinguni. Haikuanguka.

“Namba wani ni huyu. Sabdio Gababo. Na penseli ilikuwa yake. Ile mbuzi ya wakati ule nilikula yake. Hii nimemlipa, ingawa imechelewa, na meno yetu sisi wawili hayako vile yalikuwa.”

Watu walicheka, na Sabdio akajifunika mdomo kwa shuka. Haikujulikana kama naye alikuwa akicheka.

“Na mimi, Babu?” Natabo akauliza kutoka kando ya moto. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Mimi ni namba ngapi?”

Lopeyok alimgeukia. Alitafuta namba, kwa sababu ndiyo lugha aliyoijua, na akaona kwamba zote alizokuwa nazo zilikuwa zimeshamharibia mtu.

“Wewe hauna namba,” akasema. “Umefanya vizuri. Umefanya vizuri sana, mama yangu, na nilijua siku ile ulikuja na simu.”

Natabo alisimama na kijiti cha nyama mkononi, machozi yakimtoka mbele ya watu, na hakuyapangusa. Sabdio akamwita, akamkatia kutoka sahani yake kipande cha kwanza, akamlisha kwa mkono wake.

Baadaye Nakolong alileta chai. Sabdio alipokea kikombe chake, na kabla ya kukipeleka mdomoni alikichungulia ndani.

Ilikuwa ya maziwa.