Pakeji ya Kiwandani na Raundi ya Tano

Nilikuwa nahesabu raundi ya tano wakati mtu niliyeamini yuko ndani ya lile gari, ameshika usukani, aliponigusa begani.

Niligeuka nikamwona Théodore amesimama nyuma yangu, helmeti kwapani. Gari lake lilikuwa upande wa pili wa uwanja, linanguruma, linakimbia.

Wakuu, nisomeni mpaka mwisho. Mtanitukana, na mtakuwa na haki.

Ilikuwa Novemba 1998, Guangzhou. Mimi naitwa Japheth, mtu wa Mbeya, fundi wa malori kabla sijaingia kwenye biashara ya spea. Nilikuwa na miaka miwili China, nanunua spea na kuzisafirisha Kariakoo.

Mdogo wangu wa kike, Kissa, alikuwa ananunua jinzi pale Zhanqian Road. Wauzaji wa kule walikuwa wanamwogopa. Hanunui robota mpaka alikate mwenyewe, aingize mkono hadi chini kabisa na kuchomoa suruali ya mwisho.

Théodore alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mwenye ofisi kwenye jengo la Tianxiu, suti kila siku, manukato unayasikia kabla lifti haijafunguka. Alikuwa amemchumbia Kissa. Barua ya posa ilishafika kwa wazee Tukuyu na ilishajibiwa.

Halafu ndiye aliyekuwa na makontena. Mzigo wangu ulikuwa unapanda kwenye kontena lake, unashushwa Dar, wa kwake unaendelea na safari kwenda Kongo. Kwa hiyo Théodore alikuwa shemeji yangu na pia alikuwa mkate wangu, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuoza.

Mwezi ule alinunua gari kwa tajiri mmoja wa Hong Kong aliyekuwa anahama, akipanga kwenda kuliuza Lubumbashi kama jipya. Gari la Kimarekani, aina wanayoita muscle, V8, jeusi lenye mistari miwili ya fedha. Ukiliwasha, vioo vya madirisha ya jirani vinatetemeka.

Halikuwa muscle la hivi hivi. Lilikuja na pakeji ya kiwandani: springi ngumu, shokapu za mbio, tairi pana, injini iliyoongezwa nguvu, na karatasi za kuthibitisha yote hayo. Théodore alizitembeza zile karatasi Tianxiu nzima kama mtu anayeonyesha picha za mtoto.

Sasa palikuwa na laoban mmoja, yaani bosi, Liang, wakala wa mizigo. Yeye alikuwa na kigari kidogo cha Kijapani ambacho kila mwezi alikipeleka kwenye uwanja wa mbio, mwendo wa saa mbili kusini mwa mji. Siku moja tunakula, akasema mbele ya watu kwamba magari ya Kimarekani ni ya kwenda moja kwa moja tu. Kona zikianza, yanalia.

Théodore alicheka, lakini niliona shingo yake imevimba. Pale pale akakubali kulipeleka gari uwanjani Jumamosi, siku ambayo wenye magari wanaruhusiwa kuingia. Liang akasema mei wenti, hakuna shida, atawaita rafiki zake waje watazame.

Mimi nikaingiza mdomo wangu. Nilimwambia Théodore kwamba gari la mtaani hata likipewa nguvu za mashetani, uwanjani kitu cha kwanza kufa ni breki. Mtaani unakanyaga breki, unapumzika dakika tano. Uwanjani unakanyaga kila baada ya sekunde kumi, na gari lenyewe lina tani moja na nusu na ushee.

Nilimpa habari za Kitonga. Lori likiteremka mlima ule kwa breki tupu, dereva anafika mahali anakanyaga na pedeli inazama mpaka sakafuni. Ukikagua hukuti tone lililovuja. Mafuta ya breki yamechemka tu, yamegeuka mvuke, na mvuke ukiukanyaga hausukumi kitu.

Théodore alinisikiliza kwa adabu, kisha akanishika mkono.

"Beau-frère, shemeji, ba-ingénieur ba kule balisha kupima yote," alisema. "Ni ya usine hii, ya kiwanda. Weye utaongeza nini?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana ndivyo unavyofanya mtu mwenye kontena akikutania.

Jumatano akaniomba nilikague. Gari lilikuwa kwenye ghala la Liang, na ndani mlikuwa na baridi. Nikafungua boneti, nikaingia chini, nikatoa tairi za mbele. Diski zilikuwa kubwa na nzuri, pedi mpya. Nusu ya moyo wangu ikaanza kusema labda jamaa yuko sahihi.

Kisha nikafungua buti.

Chini ya zulia palikuwa na boksi bapa, limefungwa kwa tepu ya kiwandani ambayo haijawahi kuguswa. Lebo ilikuwa ya Kiingereza na niliisoma vizuri. Ilisema ndani mna mipira ya kupeleka hewa kwenye breki za mbele pamoja na mafuta ya breki ya mbio, na kwamba vifungwe kabla gari halijatumika uwanjani.

Kabla. Neno hilo lilikuwa limepigwa mstari.

Yaani kiwanda chenyewe kilikuwa kinakiri kwamba gari halijawa tayari. Nusu ya pakeji ilikuwa ndani ya gari, na nusu ilikuwa imelala kwenye buti inasubiri mtu mwenye spana.

Nikampigia Théodore simu, akaja. Nikamwonyesha. Nikamwambia nipe asubuhi moja tu, nakata tepu, nafunga hii mipira, nabadilisha mafuta, Jumamosi unaenda kwa amani.

Akalitazama lile boksi, akapitisha kidole juu ya tepu.

"Nikikata hii, Lubumbashi gari haiko zéro tena, haiko mpya," alisema. "Client njo anakata."

Na hapa, wakuu, lazima niwaelezee sisi tulikuwa watu wa namna gani. Kwenye biashara yetu ya spea, tepu haikatwi na muuzaji. Mteja ndiye anayekata, kwa mkono wake, mbele ya macho yake. Boksi lililofunguliwa, hata kama kitu cha ndani hakijaguswa, tayari ni mtumba. Miaka miwili nilikuwa nimeuza maboksi ambayo sijui ndani mna nini, na nilikuwa najivunia.

Kwa hiyo fundi aliyekuwa ndani yangu alikuwa anapiga kelele, lakini mfanyabiashara akamziba mdomo. Nikasema, "Sawa, ni kweli."

Nikalirudisha boksi chini ya zulia. Nikamwomba kitu kimoja: raundi tatu tu, halafu aingie ndani, na pedeli ikianza kulainika asimame. Akasema d'accord, sawa.

Usiku ule Kissa aliniuliza gari likoje. Aliuliza huku anakunja jinzi, wala hakuniangalia. Nikamjibu zuri, zuri sana. Nilijua nikimwambia habari za boksi atalikata kwa meno, na Théodore ataaibika, na mzigo wangu utabaki Guangzhou mpaka Pasaka. Nikauchuna.

Jumamosi gari lilipandishwa kwenye lori, maana halikuwa na namba. Sisi tukafuata kwenye basi dogo la Liang. Njia nzima mawingu yalikuwa yamekaa chini, mvua hainyeshi, joto limebana.

Uwanjani Théodore alivaa helmeti, Kissa akakaa kiti cha abiria. Nilishika ule mlango nikiwa nimepanga kumwambia ashuke. Akanitabasamia, nikaufunga.

Raundi ya kwanza lile gari lilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. Kwenye njia iliyonyooka lilimpita Liang kama amesimama. Rafiki zake Liang waliweka chini vikombe vyao vya chai. Raundi ya pili vilevile, ingawa kwenye kona ya mwisho nilianza kusikia harufu ile ninayoijua tangu ujana, harufu ya pedi zinazoungua.

Raundi ya tatu Liang aliingia ndani kupoza kigari chake, akaniita nije nikione. Nilienda nyuma ya vibanda vyao. Akafungua boneti, akaanza kunionyesha: mipira ya hewa mpaka kwenye breki, mafuta ya breki anayoyabadilisha kila safari, pedi ambazo mtaani huwezi kuzitumia. Kigari cha kawaida kabisa, injini ya kubebea mboga. Kile kilikuwa tayari kwa uwanja. Lile jeusi lilikuwa limevaa tu nguo za uwanja.

Nikasikia V8 inaingia ndani, inasimama, milango inafunguka na kufungwa. Nikashusha pumzi. Raundi tatu zimeisha, Mungu mkubwa.

Kisha nikalisikia linaondoka tena.

Nilikimbia mpaka kwenye ukuta. Lilishapita. Nikahesabu raundi ya nne, namlaani Théodore kimoyomoyo kwa kuvunja ahadi. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka tairi za mbele. Raundi ya tano ilipoanza ndipo akanigusa bega.

"Nani anaendesha?" niliuliza.

Akasema Kissa. Akasema ameomba mwenyewe, ajaribu kidogo.

Nikamwuliza pedeli ilikuwaje alipoingia. Aliwatazama rafiki zake Liang waliokuwa wamekaa na chai zao, na mimi nikaelewa kabla hajafungua mdomo. Angesimama pale na kusema breki zimekufa, Liang angeshinda mbele ya kadamnasi. Lakini mwanamke akichukua usukani na kwenda polepole, nani atamcheka mwanamke?

"Ilianza kuwa laini," alisema. "Kidogo tu."

Kule mbali gari lilitokea kwenye ile njia ndefu iliyonyooka, na chini kabisa ya njia ile ndiko kuliko na kona ya kukaba kuliko zote.

Nilisikia injini ikipiga ukelele. Gia ya tatu. Kisha ya pili, mapema mno, mahali ambapo hakuna dereva wa mbio anayeteremsha gia. Nikajua mguu wake umefika sakafuni. Baba yetu aliendesha malori ya mbolea, na sote wawili alitufundisha hivyo: breki ikikukataa, ikabidhi injini, halafu tafuta mchanga.

Kissa alitafuta mchanga. Gari liliacha lami, likaingia kwenye changarawe ubavu ubavu, likagonga ukuta wa tairi kwa upande wa dereva. Vumbi lilisimama hewani muda mrefu.

Nilikimbia nikilia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zangu. Nilimkuta macho wazi, damu kwenye nyusi, mkono wa kushoto umekaa vibaya. Mkono wa kulia ulikuwa bado umeshika gia.

Bega lilivunjika mahali pawili. Daktari alisema kama angefika kwenye ukuta kwa mwendo alioanza nao, tungekuwa tunaongea habari ya jeneza.

Jumapili nikaketi kando ya kitanda chake. Nilikuwa nimeshajipangia hotuba. Nilitaka kumwambia mchumba wake ni mwoga, alijua pedeli imelainika, akamkabidhi kifo ili yeye asichekwe. Nikaimwaga yote. Kissa aliniacha nimalize.

"Hakunificha, kaka," alisema. "Aliniambia imekuwa laini."

"Sasa ulipandaje?"

"Nilimwuliza, kaka amelikagua hili gari? Akasema Jumatano umelikagua lote, umesema sawa." Akavuta shuka. "Nikafunga mkanda."

Wakuu, kuna maneno yakiingia hayatoki. Yule anayekata kila robota mpaka chini alikuwa hajalikata hili kwa sababu jina langu lilikuwa juu yake. Mimi ndiye niliyekuwa tepu ya kiwandani.

Nikamwambia. Boksi, lebo, neno lililopigwa mstari, kontena, yote. Sikujitetea maana sikuwa na utetezi. Akaniomba, bila hasira, nimwite nesi.

Posa ilirudishwa kabla ya Krismasi. Théodore alilinyoosha lile gari kwa mafundi wa Guangzhou, akalipaka rangi, na nasikia Lubumbashi liliuzwa kama zéro, boksi na tepu yake. Sijui aliyelinunua aliliendesha wapi. Sijawahi kuwa na ujasiri wa kuuliza.

Leo nina gereji. Vijana wananiletea magari yenye pakeji za kiwandani na kuniuliza kama yako tayari kwa uwanja. Nawajibu hivi: kiwanda kinajua kukuuzia mwendo, kwa sababu mwendo ndio unaonekana dukani. Raundi moja gari litakupa raha. Ya tano ndiyo itakayokuambia ukweli. Badilisha mafuta ya breki, badilisha pedi, zipe breki hewa, soma kila karatasi, kata kila tepu. Akili za kuambiwa changanya na zako, hata kama anayekuambia ni kiwanda kizima.

Na wewe fundi, mtu akikuuliza gari likoje, ujue anakuuliza kama apande.

Kissa yuko Mbeya, ana duka na watoto watatu. Mkono wa kushoto hauinuki kupita bega. Tukikutana kwenye misiba na harusi ananipa heshima zote, ananiwekea chakula, ananiulizia wanangu mmoja mmoja.

Ila ananiita Japheth.