Kuruti Aliyekataa Kufunga Mlango

Harufu ya maharagwe yakichemka juu ya jiko la makaa hunirudisha hadi leo katika nyumba ya shosho, mama yake baba, mtaa wa Skuta mjini Nyeri, likizo moja ya Agosti yenye baridi ya kukata masikio. Ukungu ulikuwa ukishuka alfajiri na kukataa kuondoka hadi saa sita, kisha manyunyu yakaupokea, nasi watoto tukakatazwa kutoka nje. Binamu yangu Wanjiru, aliyekuwa akisoma sekondari Nairobi, alikuja na dadu na bunda la karatasi zenye sheria za mchezo wa kuigiza wanajeshi wa angani. Yeye ndiye aliyekuwa msimulizi. Alituambia tumo ndani ya chombo kinachosafiri kati ya nyota, watu arobaini, adui yuko nyuma yetu, na kila mmoja wetu arushe dadu apate cheo. Mdogo wake, Mwangi, aliyenizidi umri kidogo tu, akatoka kapteni. Dada yangu mdogo Wamuyu akatoka koplo. Mimi nikatoka kuruti, na nikauchukia mchezo papo hapo.

Nilikuwa na haki ya kuchukia. Naitwa Nyaguthii, jina la shosho mwenyewe, na kwetu mtoto akipewa jina la mtu anahesabiwa kuwa ndiye mtu huyo. Baba yangu aliniita mama. Baba yake Mwangi, mwanamume mzima mwenye ndevu, alinisalimu kwa adabu zote na kunilalamikia kwamba simpikii siku hizi. Kigoda cha karibu na jiko kilikuwa changu bila kuulizwa. Sasa ghafla nilitakiwa kusugua sakafu ya chombo na kumpigia saluti Mwangi, ambaye wiki hiyo nzima alikuwa na mafua na kamasi hazimwishi. Isitoshe, ramani ya chombo ilishikwa na kapteni peke yake. Kuruti alijua tu kile kilichokuwa mbele ya macho yake, na mbele ya macho yangu Wanjiru aliweka mlango.

Siku ya tatu au ya nne ya mchezo, koplo Wamuyu alitumwa nje ya chombo kutengeneza antena. Wanjiru akapunguza sauti, akasema adui ametokea na makombora yanakuja. Mwangi akaitazama ramani yake kwa muda mrefu.

"Kuruti, funga hiyo mlango."

"Wamuyu ako nje."

"Najua ako nje. Tukimngoja tunaisha sisi wote. Funga, hiyo ni amri."

"Sifungi. Kama unataka ifungwe, kuja ufunge mwenyewe."

Akaja, akafunga mwenyewe. Mimi nikatiwa mahabusu kwa kukaidi amri, yaani nyuma ya kochi, na Wamuyu akafa. Sheria za Wanjiru zilisema aliyekufa hachezi tena mpaka hadithi iishe, na hadithi yenyewe alikuwa ameipanga imalize likizo nzima. Wamuyu alikuwa mdogo, hakuwa na rafiki mwingine hapo mtaani, na mvua haikuwa na dalili ya kukatika. Alikwenda jikoni kumsaidia shosho kuchagua maharagwe, akilia bila sauti. Kilio hicho kiliniuma kuliko kama angepiga mayowe.

Shosho alitoka jikoni na ungo mkononi kuuliza ni nani amemliza mtoto. Tukamweleza sote kwa pamoja, na katika maelezo yote hayo akashika jambo moja tu.

"Ati Nyaguthii ni nani kwa hiyo ndege yenu?"

"Kuruti, shosho," Wanjiru akajibu.

"Na kuruti ni mkubwa?"

"Zii, shosho. Huyo ndio wa chini kabisa."

Shosho akauweka ungo juu ya meza. "Kwa hivyo mimi ndio nimewekwa chini kabisa, na ni kwa nyumba yangu. Huyu kijana anipatie hicho kiti yake saa hii, ama mpeleke hiyo ndege kwa jirani."

Wanjiru alijaribu kumweleza habari za dadu, lakini shosho hakuwa mtu wa kuelezwa. Hivyo nikawa kapteni kwa sababu ya jina langu tu, na Mwangi akashushwa hadi kuruti. Wamuyu akaendelea kuwa maiti, kwa sababu hapo Wanjiru alikataa katakata.

Ndipo nikapewa ramani, na sitasahau nilivyojisikia kuitazama. Niliona mahali watu walipolala, mahali mafuta yalipohifadhiwa, na jinsi moto ukiingia kwa mlango ule ungefika kwenye injini. Nilimwelewa Mwangi, na kumwelewa kulinikasirisha. Nilipokuwa kuruti nilimwona Wamuyu peke yake. Sasa niliona arobaini, na kila mmoja wao akawa mdogo mno kwenye ile karatasi. Kesho yake Wanjiru, bado amenuna, akampeleka kuruti Mwangi nje kwenye antena ile ile, akamleta adui yule yule. Kapteni wetu wa zamani akabadilika sauti.

"Nyaguthii, aki usifunge! Niko karibu, ngoja tu kidogo!"

Neno la kufunga lilikuwa tayari mdomoni mwangu, na lilikuwa na hoja zote. Lakini Wamuyu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, maharagwe kiganjani, akitutazama.

"Usimfungie," akasema. "Huko nje unakaa pekee yako."

Sikufunga. Nilirusha dadu, zikaanguka vibaya, na chombo kizima kikalipuka. Aliyenifokea zaidi ni Mwangi, yule yule niliyekuwa nikimngoja. Sote tukaenda jikoni kuchagua maharagwe, sasa sote maiti, mpaka Wamuyu alipomgeukia Wanjiru na kumuuliza, "Kwani hadithi si imeisha?" Ilikuwa imeisha. Asubuhi iliyofuata tulianza chombo kipya, na Wamuyu akatoka luteni.

Leo mimi ni msimamizi wa kituo cha kupokea majani chai, kule milimani juu ya Kiriaini. Meneja anataka lango lifungwe saa ikifika, hata kama akina mama bado wanapanda mteremko na vikapu mgongoni. Si mtu mbaya. Ana ramani yake, ana lori la kuwahi kiwandani, na nikikaa ofisini kwake naiona ramani hiyo vizuri kabisa. Halafu natoka nje, nawaona wakija, na sifungi. Nimeonywa, na cheo nilichokuwa nikikingojea amepewa mwingine. Watanionya tena. Krismasi iliyopita, kule kule Skuta, Mwangi alininyooshea kidole mbele ya watoto wake akawaambia, "Mnaona huyu auntie yenu? Huyu alituuaga sisi wote."

"Niliwaua, ndiyo," nikawaambia watoto. "Sasa muulizeni baba yenu kama kuna mtu aliachwa nje."