Ufa Hatua Tatu Ng'ambo

Watu walimwita Nati, na hata mkewe akikasirika alimwita hivyo hivyo. Kwa miaka ishirini na mitatu kazi yake ilikuwa kukagua daraja la chuma lililounganisha nchi yake na nchi jirani. Aligonga bolti kwa nyundo ndogo, akatega sikio. Iliyokaza hulia vizuri. Iliyolegea hutoa sauti butu, kama mtu anayeitikia salamu shingo upande. Mwisho wa eneo lake la kazi ulikuwa mstari mweupe uliopigwa katikati ya daraja. Kuvuka hapo ilikuwa kazi ya fundi wa ng'ambo, bwana mmoja mrefu ambaye Nati alimwita Jirani, naye akamwita Nati Jirani vilevile.

Nchi ya Nati ilikuwa ndani ya Jumuiya ya nchi za ukanda ule. Ya mwenzake ilikuwa nje, ikibisha hodi. Miaka ya mwanzo Jumuiya ilitaka kuwavuta majirani karibu. Ilitoa rangi, grisi na vipuri vya daraja zima, ikawakalisha mafundi hao wawili darasani wiki nzima, dawati moja. Kisha serikali ya ng'ambo ikafuta matokeo ya uchaguzi, na Jumuiya ikabadilisha uso. Waraka ukaja. Malori yaendelee kupita, maana wafanyabiashara walikuwa wamepiga kelele, lakini ushirikiano wote wa kiofisi usimame: pasiwe na barua, simu wala mazungumzo na mtumishi yeyote wa upande wa pili. Nati alitia sahihi kwamba ameusoma.

Tangu hapo wakawa wanapungiana mikono tu kwa mbali. Jirani alikuwa na mazoea ya kuuliza habari za mke na watoto, mmoja mmoja. Sasa alibaki kuinua kofia.

Asubuhi moja Nati alikuwa kwenye ngazi ya chini ya daraja lori la saruji lilipopita juu, akasikia mlio asioujua. Alimulika tochi. Kwenye bamba la chuma linaloshika boriti mbili, hatua tatu kupita mstari, palikuwa na ufa. Jirani asingeweza kuuona kutoka kwake, nguzo iliuficha.

Aliandika ripoti siku ileile. Meneja wake, kijana mwenye adabu, aliisoma mara mbili.

"Mzee wangu, huu ufa uko kwetu?"

"Uko kwao."

"Basi hatuna mamlaka nao. Nitaipeleka makao makuu, nao wataiuliza Jumuiya."

Siku nne zikapita kimya. Malori yalipita, na Nati akawa anayahesabu bila kupenda. Mkewe alipombana akamweleza yote. Mama huyo, huku akikunja nguo, akauliza kama yule Jirani bado anafanya kazi pale chini ya daraja.

"Kila siku."

"Na wewe unasubiri barua ya nani?"

Kesho yake Nati alivuka mstari. Hakukimbia. Jirani alimwona akija na nyundo mkononi, akasimama wima kama aliyeletewa habari ya msiba.

"Umeruhusiwa?"

"Hapana. Njoo uone kitu."

Nati alimpeleka hadi ngazi ya chini ya upande wake mwenyewe, akamwelekezea tochi kwenye ufa. Jirani alitazama, akavua kofia. Walipopanda juu kila mmoja alikokota mapipa matupu akaziba njia kwake, na kufikia adhuhuri foleni za malori zilikuwa zimefika mbali pande zote. Wahandisi waliokuja kupima walikuta sehemu ya lile bamba iliyokuwa bado haijapasuka haizidi upana wa vidole viwili.

Kamati ya nidhamu haikumuuliza Nati habari za ufa. Ilitaka kujua kama aliusoma waraka. Akasema aliusoma. Akahamishiwa ghala la vifaa, mshahara uleule, cheo hakuna. Meneja alimsaidia kubeba sanduku la zana mpaka mlangoni bila kuinua macho.

Mwaka mmoja na nusu baadaye Jumuiya ililegeza msimamo, daraja likafunguliwa upya kwa utepe na hotuba. Nati alisikiliza kwenye redio akiwa ghalani anachambua bolti. Msemaji alisema daraja lilifungwa kwa uamuzi wa pamoja wa pande mbili. Mwenzake wa ghala alimtazama akingoja atukane.

"Si uongo," Nati alisema. "Tulikuwa wawili."

Jumamosi ile alivaa shati safi akavuka. Alimkuta fundi mpya, binti mwenye nyundo mpya, akamuuliza habari za yule bwana mrefu. Binti alimwamkia kwa heshima, kisha akasema alisikia tu kwamba alifukuzwa kazi wiki ileile ya mapipa, akahama na familia yake. Alikohamia hajui. Nati aliomba jina la bwana huyo, maana hakuwahi kulijua; hata darasani waliitana Jirani tu. Binti alilitafuta kwenye daftari la zamu, akamsomea. Nati alilirudia kwa sauti ya chini, asije akalisahau, akashukuru, akaanza kurudi nyumbani.