Ng'ombe wa Bashani wa Mzee Shigela

Kwa miaka tisa Nyanjige alikuwa msomaji wa Neno katika kanisa la kijijini kwao, nje kidogo ya Bariadi. Alisoma polepole, bila kutetemesha sauti wala kulia pasipo na kilio.

Januari ile mvua iligoma. Wazee wa kanisa walikaa, wakampata mkosaji upesi: Nyamizi, mama mkwe wa Nyanjige, mjane mwenye macho mekundu, ambayo huko huhesabiwa alama ya uchawi. Macho yale yalitokana na miaka mingi ya kupikia kinyesi cha ng'ombe, kwa kuwa kuni ziliisha kitambo. Kila mama pale alilijua hilo, maana moshi ulikuwa huohuo. Hata hivyo ikakubaliwa kwamba Mungu amekasirika, na hasira yake yote inamtafuta bibi kizee asiye na meno. Jumapili lingesomwa neno, kisha waumini wapige kura ya kumhamisha kijiji.

Neno lilichaguliwa na Mzee Shigela, mwenyekiti wa wazee. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, Shigela alikuwa wakala wa kampuni moja ya pamba na alikuwa ameota kitambi. Alimwelekeza Nyanjige asome Amosi, sura ya nne, mstari wa saba, pale Mungu anaposema amewazuilia watu mvua.

"Huo tu, mayu," akamwambia, yaani mama. "Usituchoshe."

"Mstari mmoja, mzee?"

"Mwenye akili unamtosha."

Jumapili Nyanjige alianza na mstari wa kwanza, ule ambao nabii anawaita wanawake wa Samaria ng'ombe wa Bashani, wale walionona. Kwenye benchi la mbele, Milembe, mke wa Shigela, akatabasamu na kujiweka sawa. Mumewe alikuwa amemwita hivyo siku ya arusi ya binti yao, na vigelegele vikapigwa. Kwa Wasukuma ng'ombe aliyenona ni sifa, na nabii mwenyewe si ndiye aliyesema? Nyanjige akaendelea: wanaowaonea maskini, wanaowaponda wahitaji, wanaowaambia waume zao leteni tunywe. Tabasamu la Milembe likakwama.

"Kumbe ni tusi!" mama mmoja akasema kwa sauti.

"Ruka, nenda mstari wa saba!" Shigela akafoka.

"Ndiko niendako, mzee. Lakini Amosi ameweka sita kabla yake."

Nyuma akasimama Mboje, mkulima. "Mzee, pamba yangu niliileta kwenye shuka. Ukanikata kilo mbili za uzito wa gunia. Gunia lipi?"

Watu wakaangua kicheko.

"Huo ni utaratibu wa kampuni," akasema Shigela.

"Na wewe Mboje," Nyanjige akamgeukia, "mchanga uliouchanganya humo ulikuwa utaratibu wa nani?"

Mboje akakaa. Kicheko kikakatika, maana mchanga ule haukuwa wa Mboje peke yake. Pamba ya kijiji kizima ilikuwa nao.

Ndipo Nyanjige akausoma mstari wa saba, polepole, kisha akafunga kitabu. "Anayetaka mama mkwe wangu ahamishwe, anyooshe mkono."

Mikono ilibaki mapajani. Wa Shigela ulikuwa na kazi ya kufuta jasho.

Wiki iliyofuata Nyanjige alivuliwa usomaji kwa kosa la kuzidisha mistari. Nyamizi alibaki kwake. Mvua haikunyesha hadi Machi, na watu waliokuwa na bidii ile ya kumtafuta mkosaji hawakutaka tena kusikia akitafutwa.