Anayebadilisha Vitasa

Mkurugenzi wetu anaamini ofisi hubadilika watu wakibadilika mioyo, ndiyo maana hutupeleka semina. Mbuthia wa uhasibu anasema hubadilika polepole, kama mtoto anavyorefuka bila wewe kuona. Mimi huangalia fundi wa vitasa tu. Kila anapopanda ghorofani kwetu hapa mjini, mtu mmoja hubadilishiwa kitasa na kesho yake haingii. Ni mtu mpole. Hufuta viatu mlangoni, huomba radhi mapema kwa ajili ya kelele, kisha hupiga magoti na kulegeza skrubu kwa vidole vinene vinavyonuka grisi, akiimba wimbo wa kanisani chini kwa chini. Kitasa cha zamani hukifunga kwenye gazeti kama nyama ya bucha. Fundi hamwulizi mwenye mlango jina, wala hamtazami usoni.

Leo asubuhi alipita mlango wa Peres, akapita wa Mbuthia, nami nikashusha pumzi. Kisha nikasikia viatu vikifutwa mlangoni pangu. Safari hii alinitazama.

“Wewe ndiye Madam Namalwa, sindio?” akasema. “Maliza tu chai. Mimi sina haraka.”