Sigara ya Dani
Katika zahanati moja ya Oyugis, watafiti walikuwa wakijaribu dawa ya mapafu kwa wazee, na dani, yaani nyanya yangu, alikubali kuwa mmoja wao. Nesi alimpa inhela, kifaa cha kuvutia dawa hiyo, akamwambia, "Vuta kama sigara, mama." Dani akaigeuza, akatia mdomoni upande usio na tundu. Nesi akacheka.

Mimi nilipandwa na hasira. "Usimcheke! Wanawake wa rika lake huvuta sigara moto ukiwa ndani ya mdomo. Si wewe umemwambia kama sigara?"

Nesi aliomba radhi, akamgeuzia inhela. Dani akavuta, akafumba mdomo, akabana pumzi vile alivyobana moshi nilipokuwa mdogo, nikimkodolea macho nione utatokea wapi.

Tulisubiri dawa ifanye kazi, kisha akanigeukia. "Nani alikutuma utangaze sigara yangu hapa, na tangu uanze kazi hujaninunulia hata moja?"

Kwa miezi mingi alikuwa akinigombeza vipande vipande, akitafuta hewa kila baada ya neno. Siku hiyo alinigombeza mpaka mwisho, kwa pumzi moja.