Munirah na Kengele ya Tangi

Watu wawili wa kampuni ya simu walipokuja kuchukua kisanduku chao asubuhi ile ya Ijumaa, walikuta mwanamke amekizibia njia. Alikuwa ameweka kiti mbele ya kabati la mitambo, ameketi wima, na mapajani ameshika tabaga, kile kifuniko cha kusukwa kwa rangi ambacho Wanubi hufunikia chakula. Yeye hakufunikia chakula. Alifunikia mashine yake ya kuungia faiba, maana uzi ule wa kioo ni mwembamba kama unywele na hauvumilii vumbi la Kampala, na kwa imani ya Munirah Abdunoor hakuna kiwanda duniani kilichowahi kutengeneza kifuniko cha kushinda kile cha mama yake.

"Mimi hapana toka hapa," akawaambia. "Mukitaka kubeba hiyo kitu, mubebe na mimi."

Wakatazamana, kisha wakaenda kumwita meneja.

Ofisi yenyewe ipo Nakasero, ni ya kampuni binafsi yenye maghorofa ya kupangisha kule Bukoto. Nyuma ya maghorofa hayo, kilimani, kuna tangi kubwa la maji. Pampu hulijaza kutoka chini, na mvua ikinyesha, maji ya mapaa nayo huingia humo humo. Likikaribia kujaa, mtambo mzee uliofungwa ubavuni mwake hupeleka habari Nakasero, kengele inalia, na mtu wa zamu anazima pampu kutoka hapo hapo, na nafasi iliyobaki hutosha maji ya mvua. Asipoizima, maji hufurika na kuporomoka upande wa ukuta. Na chini ya ukuta ule, katika vyumba viwili na jiko la mabati, anaishi Perpétue.

Perpétue alitoka Bukavu na binti yake Victoire, na hapo Bukoto anapika chakula cha kuuza, hasa sombe, kisamvu cha kwao. Mwaka juzi wezi wa shaba walikata waya wa kengele. Kampuni ya maghorofa ikasema si kitu, mlinzi yupo na simu anayo. Mvua ikaja, tangi likajaa, simu ya mlinzi haikuwa na chaji. Ukuta ulimwangukia Perpétue jikoni na kumvunja mguu, na tangu hapo anachechemea. Ukuta ulijengwa upya, waya ukaungwa upya, lakini Perpétue haamini ukuta wala waya. Kila wingu likikunja uso, anabeba jiko lake la makaa likiwaka, sufuria juu, anatoka barabarani na kusimama mvuani mpaka iishe. Watu humcheka. Munirah hakucheka hata siku moja. Yeye na Perpétue walijuana siku waya ulipokuwa ukiungwa upya, na alimwambia mbele ya majirani: "Mama Victoire, iko siku mimi nitakupigia simu nikuambie usitoke. Siku hiyo, usitoke."

Sasa ile laini ya shaba ilikuwa inaondoka kabisa. Kampuni ya simu ilichoka kuibiwa, ikatangaza kung'oa waya zake zote za mtaa ule, na Ijumaa ndiyo ilikuwa mwisho. Mahali pake iliwekwa faiba. Munirah mwenyewe ndiye aliyeivuta, na juu ya kila shimo la barabarani aliandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake: FAIBA, HAPANA KOPA, ili mwizi asome kwamba hakuna shaba na asihangaike kuchimba. Faiba ilikuwa na nafasi tele. Kompyuta na kamera za maghorofa zilipita humo kwa Ethaneti, mtandao wa kawaida wa kompyuta, tangu juzi, bila tatizo. Kazi iliyobaki ilikuwa kuipitisha laini ya kengele, ambayo ni ya namna ya zamani, mafundi wanaiita seriali: habari huenda biti moja nyuma ya nyingine, kama watu wa foleni. Munirah alifunga kisanduku kimoja Nakasero na kingine Bukoto, vyenye matundu ya Ethaneti na matundu ya seriali pamoja, Ethaneti na seriali zote mbili zikipita juu ya uzi mmoja.

Ethaneti ilikaa. Seriali ikakataa.

Haikukataa moja kwa moja, na hilo ndilo lililomuudhi. Ilikubali, taa ikawa ya kijani, kila mtu akashukuru, halafu baada ya muda ikajikwaa, taa ikawa nyekundu, ikarudi kijani tena yenyewe kama mtoto anayejifanya hakuvunja kikombe. Laini ya namna hiyo haifai kitu. Tangi likijaa wakati wa kujikwaa, kengele haitalia.

Meneja Jasper akaingia akiwa na simu mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wapangaji wengi, mabosi wengi, na subira kidogo.

"Hajati," akasema. Alimwita hivyo kila alipotaka kitu, ingawa Makka Munirah alikuwa hajafika. "Hajati, hawa watu wamekuja kuchukua mali yao. Wewe inuka."

"Bosi, mali yao ndiyo inabeba kengele. Nikiinuka, kengele inakufa."

"Kengele ya nini? Tumeweka kamera kwa tangi. Na askari iko pale, na simu."

"Askari alikuwa pale mwaka juzi. Simu pia alikuwa nayo."

Jasper akakohoa. Akatazama taa ya kisanduku kipya, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa nyekundu wakati huo huo.

"Si unaona mwenyewe? Hii kitu ni ya zamani, nnyabo. Imekataa faiba. Nakupa mpaka swala ya Ijumaa iishe. Wakirudi, nitainua hicho kiti na wewe juu yake."

"Inua," akasema Munirah. "Mimi nina kilo."

Mtu asiyemjua angedhani ni maneno tu. Waliomjua walikumbuka siku za ujana wake, msimamizi mmoja alipomwambia mbele ya wenzake kwamba mwanamke hapandi nguzo ya simu. Munirah alifunga mkoba kiunoni, akapanda, akamaliza kuunga waya, na kwa kuwa ilikuwa saa ya chakula akatoa chapati yake akaila huko huko juu, polepole, msimamizi akiwa amesimama chini anangoja ngazi. Alizaliwa katika kambi, binti wa sajenti wa mawasiliano, mjukuu wa Wanubi waliokuja Uganda na bunduki za watu wengine. Watu wa jamii yake walishaulizwa mara nyingi ni wa wapi hasa, hata akazoea kujibu kwa kukaa alipo. Sasa nyumba yake ipo Kibuli, chini kidogo ya msikiti, na hakuna aliyewahi kumhamisha.

Kutoka kwa baba yake alirithi kazi, na pamoja na kazi alirithi kanuni moja. Kila alfajiri sajenti Abdunoor alikaa mbele ya redio na kuvipa vituo vyote wakati. "Makao makuu anatoa, kituo anafuata," alikuwa akisema, na kituo kilichojipangia chenyewe kilikiona cha moto.

Akapiga simu Bukoto. Kule juu ya tangi alikuwepo Mugisho, Mkongomani, fundi mzuri mwenye kichwa kigumu kama chake.

"Mugisho, mpigo wako umeuwekaje?"

Hapo ndipo penye roho ya laini ya namna hiyo. Biti zikienda moja moja, lazima pawe na mpigo wa kuzihesabia. Upande mmoja unautoa, upande wa pili unausikiliza na kuufuata. Kila upande ukipiga wake, hata wakifanana kama mapacha, tofauti ndogo itajilimbikiza, na mwisho biti moja itapotea njiani.

"Mama, huku njo kunatoa mpigo," akasema Mugisho. "Nilikwambia tangu jana."

"Na mimi nilikuambia jana, Nakasero ndiyo inatoa. Hapa ni makao makuu. Geuza, ufuate."

"Mama, sigeuzi."

"Unasema nini?"

"Sigeuzi. Hii mashine ya tangi ni mzee, haiko inajua kufuata mutu. Inatoa mpigo yake tu, ilitengenezwa vile. Mi niko hapa naiona kwa macho. Na mi nilishachoka, kila pahali naambiwa, we Mkongomani fuata, fuata. Leo nimekataa."

Munirah akakata simu kwa hasira. Hasira yake ilikuwa ya kweli, na nusu yake ilitokana na kuyasikia maneno yake mwenyewe katika kinywa cha mtu mwingine. Akakaa. Taa ikawa kijani. Ikawa nyekundu. Dirishani, wingu lilianza kujaa upande wa Bukoto, jeusi, halina mzaha.

Adhana ya Ijumaa ilisikika, ikaisha. Leo hii aliikosa swala, na hilo lilimuuma pia. Akajikuta anagonga tabaga kwa vidole, kama wanawake wa kwao wanavyogonga chochote kilicho mkononi wakiwa na mawazo. Vidole vyenyewe vikaangukia mdundo wa duluka, ngoma ya harusi. Akaona harusi ya mwanawe Kasim mwaka uliopita, uani Kibuli. Ngoma siku hiyo ilishikwa na msichana wa jirani, hata Mnubi hakuwa, aliazimwa kwa sababu alijua kupiga. Shangazi mkubwa wa Bombo aliingia na uzito wake wote, kila mtu akasimama kumpisha. Lakini mpigo hakuuleta yeye. Alikaa kwenye kiti cha heshima na kupiga makofi kwa kumfuata yule msichana, na heshima yake haikupungua hata chembe. Mwenye ngoma ndiye anayetoa, na ngoma huwezi kumpa mtu kwa cheo.

Vidole vikasimama.

Makao makuu anatoa, kituo anafuata. Kwa redio ya baba yake ilikuwa kweli, kwa sababu redio za vituo ziliweza kufuata. Mtambo wa tangi hauwezi. Mugisho alimwambia jana, akamwambia leo, na yeye alitia pamba masikioni kwa sababu Bukoto ni Bukoto na Nakasero ni Nakasero. Yeye, Munirah, aliyekula chapati juu ya nguzo. Aliona aibu, akaiona wazi, na hakuwa na muda wa kuikalia.

Akapiga simu tena. "Mugisho. Acha ya kwako ilivyo. Mimi ndiye nafuata."

"Kweli, Mama?"

"Unataka nikuandikie? Ngoja kwenye laini."

Akaugeuza upande wa Nakasero usikilize mpigo wa Bukoto. Taa ikawa kijani. Akaitolea macho. Ikakaa kijani. Watu wa kampuni ya simu wakarudi na Jasper nyuma yao, wakamkuta bado ameitolea macho, na bado ilikuwa kijani.

"Muda umekwisha, Hajati."

"Simama hapo usikilize. Mugisho, inua boya la tangi."

Kule Bukoto, Mugisho akaingiza mkono kwenye tangi na kuliinua lile boya linalopanda na maji. Nakasero, kengele ikalia kwa ukali uliomfanya Jasper aangushe simu yake. Mugisho akaliachia, ikanyamaza. Akaliinua tena, ikalia tena. Munirah akamwambia aendelee, na aliendelea mpaka watu wa ofisi za jirani wakatoa vichwa mlangoni.

"Shida ilikuwa nini?" akauliza Jasper alipopata nafasi.

"Shida ilikuwa mimi. Nilitaka tangi linifuate." Akainuka, akajinyoosha mgongo. "Lakini kiti sikukosea kukikalia. Hiyo uiweke kichwani, bosi."

Jasper akaokota simu yake. Watu wa simu wakasogea kwenye kisanduku chao. Munirah akawazuia kwa mkono.

"Hii nachomoa mwenyewe."

Akauchomoa waya wa shaba, waya ule ulioibwa na kuungwa upya, akauweka mikononi mwao. Wakaenda zao. Dakika hiyo hiyo mvua ikashuka, kubwa, ya kupiga mabati mpaka watu hawasikilizani.

Munirah hakwenda nyumbani. Alirudi kwenye kiti chake, safari hii akakigeuza kitazame kengele. Mtu wa zamu alimwambia apumzike, Munirah akamtazama tu, na mtu wa zamu akatafuta kazi nyingine ya kufanya. Mvua ilinyesha, tangi likajaa, na kengele ikalia kupitia faiba, bila Mugisho kugusa kitu. Munirah akaizima pampu kwa mkono wake. Akamwita Mugisho.

"Maji yamefurika?"

"Hapana, Mama. Kwa ukuta ni mvua tu."

Akavuta pumzi, akatafuta namba nyingine. Simu iliita kwa muda mrefu. Alijua Perpétue wakati huu angekuwa wapi: mvuani barabarani na jiko lake linalowaka, au kwa bahati bado mlangoni, vitambaa mikononi, anajiandaa kulibeba.

"Mama Victoire," akasema Munirah. "Ile siku niliyokuambia ni leo. Usitoke."

Upande wa pili ilisikika mvua, na ndani ya mvua sauti ya kifuniko cha sufuria.

"Sikutoka, Mama Kasim," akasema Perpétue. "Nilisema leo mvua initoe yenyewe. Sombe haijaiva."